Saa ya Bahati na Saa ya Mombasa

Katika nchi zinazopitiwa na ikweta jua huchomoza na kuchwa karibu wakati uleule mwaka mzima, na ndiyo sababu hesabu ya saa ya Kiswahili, inayoanzia mapambazuko na si usiku wa manane, imeweza kudumu kizazi baada ya kizazi bila kudai marekebisho. Hesabu hiyo imebeba dhana moja ambayo haikuwahi kutiliwa shaka, nayo ni kwamba saa moja ina urefu uleule popote inapohesabiwa: kwamba mvuvi wa Mombasa na mkulima wa viazi wa Bahati, katika kaunti ya Nakuru, wakizilinganisha saa zao leo na kukutana tena baada ya miaka kumi, watazikuta bado zinakubaliana, mradi ziwe saa zisizo na hitilafu yoyote. Kwa kweli hazitakubaliana. Saa ya Bahati itakuwa imetangulia, wala si kwa uzembe wa fundi au kwa baridi ya nyanda za juu, bali kwa sababu muda uliopita Bahati ni mwingi kuliko uliopita Mombasa.

Tofauti yenyewe ni ndogo kupita kiasi, na ni vizuri ipimwe mapema ili isije ikakuzwa. Kipimo kinachofaa ni nanosekunde, ambayo ni sekunde moja iliyogawanywa katika sehemu bilioni moja. Katika muda huo nuru, ambayo haishindwi mbio na kitu chochote, husafiri urefu wa rula ya shule ya sentimita 30. Bahati imeinuka takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo saa yake huitangulia ya Mombasa kwa nanosekunde 19 hivi kila siku. Kwa mwaka hizo hufika mikrosekunde 7, yaani sehemu saba za sekunde iliyogawanywa mara milioni, na kwa umri wa miaka 70 tofauti haifiki nusu ya milisekunde, ambapo kupepesa jicho mara moja huchukua muda mrefu kuliko huo mara mia mbili na zaidi. Hakuna mzee wa Bahati atakayeweza kudai heshima zaidi mbele ya mwenzake wa rika moja wa pwani kwa hesabu hii. Hata hivyo tofauti ipo, inapimika, na chanzo chake kinagusa jambo ambalo kila mtu hulijua tangu utotoni bila kuijua sababu yake, yaani kwa nini vitu huanguka.

Mambo mawili huamua saa itakwenda vipi: mwendo wake na mahali ilipo katika uvutano, yaani ile nguvu ambayo kwayo dunia, jua na kila chenye uzito huvuta vingine. La mwendo lilielezwa kwanza, mwaka 1905, na Albert Einstein, aliyekuwa wakati huo karani wa ofisi ya hataza mjini Bern, Uswisi. Msingi wake ni kwamba nuru hupimwa ikiwa na kasi ileile, mita 299,792,458 kwa sekunde, na kila anayeipima, awe amesimama au yuko safarini. Tuseme behewa la garimoshi linapita katika stesheni ya Nakuru bila kusimama, na ndani yake mwali wa nuru unaruka baina ya kioo kilichowekwa sakafuni na kingine kilichobandikwa darini, kila mruko ukihesabiwa kama mpigo wa saa. Kwa abiria aliyeketi ndani, mwali hupanda na kushuka wima. Lakini kwa aliyesimama jukwaani, dari imekwisha kusogea mbele kabla mwali haujaifikia, hivyo mwali huo unachora njia ya mshazari, nayo njia ya mshazari ni ndefu kuliko ya wima. Kama nuru ingekuwa kama jiwe, ingeongezewa kasi na garimoshi na mambo yangesawazika. Nuru haiongezewi. Njia imerefuka, kasi ni ileile, basi mpigo mmoja umechukua muda mrefu zaidi, na mtu wa jukwaani hana budi kukiri kwamba saa ya behewani inakwenda polepole kuliko yake, na pamoja nayo mapigo ya moyo wa abiria na kuoza kwa ndizi zilizomo kapuni mwake.

Kwa mwendo wa kila siku athari hiyo ni hafifu mno. Matatu inayotii kidhibiti mwendo na kushika kilomita 80 kwa saa huchelewesha saa za abiria wake kwa sehemu moja ya mia ya nanosekunde katika saa nzima ya safari. Ili jambo hili lionekane waziwazi pahitajika mwendo unaokaribia ule wa nuru, na mwendo huo upo juu ya vichwa vya watu wote, kwa kuwa miali inayotoka anga za mbali hugonga hewa ya juu na kuzalisha chembe ziitwazo miuoni, ambazo huishi kwa wastani wa mikrosekunde 2.2 tu kabla ya kuvunjika. Mwaka 1963 wanafizikia David Frisch na James Smith walichapisha matokeo ya kuzihesabu miuoni hizo juu ya Mlima Washington nchini Marekani, kwenye mwinuko wa mita 1,910, ambao ni karibu sawa na wa Nakuru, kisha karibu na usawa wa bahari. Mlimani walihesabu zaidi ya 560 kwa saa. Kuteremka hadi baharini kulihitaji mikrosekunde 6 na zaidi, karibu maisha matatu ya miuoni, kwa hiyo chembe 30 hivi tu ndizo zilizotarajiwa kufika. Zilifika zaidi ya 400. Saa za miuoni zilikuwa zimekwenda polepole karibu mara tisa, na safari iliyopaswa kuwamaliza wasafiri ikawa kwao ya chini ya mikrosekunde moja.

Katika makala yake ya mwaka 1905 Einstein alitoa utabiri unaoihusu Bahati moja kwa moja, ingawa hakuwa na habari nayo. Dunia hujizungusha, na kwenye ikweta ardhi hukimbia kuelekea mashariki kwa mita 465 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 1,670 kwa saa, ilhali nchani, kaskazini na kusini kabisa, ardhi hujigeuza tu mahali pamoja. Kwa hiyo, alisema, saa iliyowekwa ikweta itakwenda polepole kidogo kuliko saa iliyowekwa nchani. Bahati haizidi kilomita 30 kutoka ikweta, ambayo hukatiza Mogotio na viunga vya Nyahururu, na mkulima wake anayelala kitandani anasafirishwa kwa kasi inayopita ya ndege ya abiria. Hesabu ya mwendo peke yake inatoa ucheleweshaji wa nanosekunde 104 kwa siku, kiasi kinachozidi mara tano faida ya mwinuko iliyotajwa mwanzoni. Ingekuwa hivyo, saa zote za Afrika Mashariki zingekuwa zinabaki nyuma ya saa za Greenland, na wenyeji wa ikweta wangekuwa ndio watu wanaozeeka polepole kuliko wote walioko chini. Utabiri huo haukutimia, na sababu yake inapendeza kuliko utabiri wenyewe.

Mwaka 1905 Einstein hakuwa bado ameuingiza uvutano katika hesabu yake. Alianza kuufikiria mwaka 1907, na nadharia kamili, iitwayo nadharia ya uhusianifu wa jumla, aliikamilisha mwishoni mwa mwaka 1915. Athari ya uvutano juu ya muda inaweza kuelezwa bila hisabati nzito kwa kuitazama nuru kama mawimbi. Nuru inayopanda kutoka mahali pa chini hadi pa juu hupoteza nishati kama jiwe lililorushwa linavyopungukiwa na nguvu, na kwa nuru kupoteza nishati ni kufika ikiwa na mawimbi machache kwa sekunde. Mnara wa Mombasa ukitoa mawimbi yenye idadi maalumu katika kila sekunde, mpokeaji wa Bahati atayapokea kwa idadi pungufu kidogo. Lakini hakuna wimbi lililopotea njiani, wala hakuna mahali yanaporundikana baina ya Mtito Andei na Naivasha. Maelezo yanabaki moja: sekunde iliyohesabiwa Mombasa na sekunde iliyohesabiwa Bahati si sekunde ileile, na ya chini ni ndefu.

Robert Pound na Glen Rebka walilithibitisha jambo hili kati ya mwaka 1959 na 1960 katika mnara wa chuo kikuu cha Harvard wenye kimo cha mita 22.5 tu, nao walitumia miale ya gama badala ya saa. Tangu hapo saa zenyewe zimekuwa makini kiasi cha kushangaza. Mwaka 2020 timu iliyoongozwa na Hidetoshi Katori ilichapisha matokeo ya kuweka saa moja chini ya mnara wa Tokyo Skytree na nyingine mita 450 juu yake, na ile ya juu ikaonekana kutangulia kwa nanosekunde 4 na kidogo kila siku. Nakuru haihitaji kujenga mnara wa namna hiyo. Kutoka ukingo wa kasoko la Menengai hadi sakafuni mwake ni zaidi ya mita 450 katika sehemu za kina kirefu, na mfanyakazi anayeshuka asubuhi kwenda kwenye mitambo ya mvuke iliyoko sakafuni huingia katika eneo ambamo muda hupita polepole zaidi, huku visima vyenyewe, ambavyo vingi vinapita mita 2,000 kwenda chini, vikiishia mahali ambapo saa ingebaki nyuma ya ile ya mdomoni kwa nanosekunde zinazokaribia 20 kila siku, kama ingestahimili joto la huko.

Sasa yawezekana kurudi ikweta. Dunia haikuwa na subira ya kumngoja mtu yeyote akamilishe nadharia. Kwa kujizungusha kwake imevimba kiunoni, kiasi kwamba usawa wa bahari wa Mombasa uko mbali na kitovu cha dunia kuliko usawa wa bahari wa nchani kwa kilomita 21. Aliyeko ikweta yuko juu zaidi katika uvutano, hivyo saa yake huharakishwa kwa kimo na kucheleweshwa kwa mwendo, na kiasi kinachoingia upande mmoja ni kilekile kinachotoka upande wa pili. Hili si sadfa. Bahari ni maji, na maji hayatulii mpaka yafike mahali ambapo hayana tena pa kutiririkia. Katika dunia inayozunguka, mahali hapo huamuliwa kwa pamoja na uvutano na mzunguko, kwa kanuni ileile inayoamua mwendo wa saa. Maji ya bahari yalikwisha kuisawazisha hesabu hiyo kabla ya kuwapo saa yoyote. Saa zote zilizoko kwenye usawa wa bahari, Lamu, Muscat au Greenland, huenda pamoja, na saa iliyo juu ya usawa huo hutangulia kwa kadiri ya kimo chake, iwe karibu na ikweta au mbali nayo.

Ndiyo maana mashirika ya vipimo hulichukulia jambo hili kwa uzito. Saa rasmi za Marekani zilizoko Boulder, Colorado, mji ulioinuka karibu kama Nairobi, hutangulia kwa takriban mikrosekunde 5 kila mwaka, na hesabu zao hupunguzwa ili zilingane na usawa wa bahari kabla hazijaingizwa katika wakati wa dunia, ule ambao saa za Afrika Mashariki huuongezea saa tatu. Jambo hili halihitaji maabara ya serikali pia. Mwaka 2005 Tom Van Baak, mpenzi wa saa nchini Marekani, alipakia saa za atomi za seziamu ndani ya gari pamoja na watoto wake, akapanda nazo Mlima Rainier, akakaa huko mwisho wa juma na kurudi. Saa hizo zilikuwa zimezitangulia zile zilizobaki nyumbani kwa nanosekunde zaidi ya 20. Familia ya Mombasa ikifunga safari ya siku mbili kuwatembelea jamaa Bahati hujipatia nanosekunde nyingi kuliko hizo, bila kupakia chochote zaidi ya zawadi.

Kwa kuwa mwendo hupunguza na kimo huongeza, mtu anaweza kuuliza kipi hushinda, na jibu lina ulinganifu usiotarajiwa. Kilomita 80 kwa saa za matatu hufutwa kabisa na mita 25 za kimo, na mita 25 ndicho kimo hasa ambacho jiwe hufikia likirushwa juu kwa kilomita 80 kwa saa, hewa isipolizuia. Barabara ya kutoka Nakuru kwenda Nairobi hupanda kupita mita 2,400 kabla ya kuteremka Limuru, nayo Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi, kwa hiyo abiria anayekwenda na kurudi siku hiyohiyo huzeeka zaidi ya jirani yake aliyebaki Nakuru, licha ya kukimbia kutwa nzima. Akilala Nairobi, ambayo iko chini kuliko Nakuru, hesabu hugeuka. Kwa ndege mambo huchanganyika zaidi, kwa sababu ndege inayokwenda mashariki hujumlisha mwendo wake na wa dunia, na inayokwenda magharibi hutoa: mwezi wa Oktoba 1971 Joseph Hafele na Richard Keating waliizunguka dunia pande zote mbili katika ndege za abiria wakiwa na saa nne za seziamu, na saa hizo zilipoteza nanosekunde 59 kwa mashariki na kupata 273 kwa magharibi, karibu na nadharia ilivyotabiri.

Setilaiti za GPS, ambazo mwendesha bodaboda wa Maili Kumi huzitegemea simu yake inapomwonyesha njia, huzunguka kilomita 20,200 juu ya ardhi. Mwendo wao huzipunguzia saa zao mikrosekunde 7 kwa siku, na kimo huziongezea 45, na kwa mikrosekunde 38 zinazobaki nuru husafiri zaidi ya kilomita 11. Mara nyingi husemwa kwamba bila marekebisho ramani za simu zingepotoka kilomita 11 kila siku. Huo ni uzungumzaji wa haraka, maana simu hulinganisha setilaiti kadhaa na sehemu kubwa ya kosa linalozihusu zote sawasawa hujifuta, lakini mfumo mzima ungezidi kuachana na wakati wa ardhini na usingetumika. Wahandisi wenyewe hawakuwa na hakika ya pamoja. Setilaiti ya majaribio NTS-2, iliyorushwa Juni 1977, ilibeba kifaa cha kurekebisha ambacho kiliachwa kimezimwa kwa siku 20 ili ionekane kama Einstein alikuwa sahihi, na ilipoonekana hivyo kikawashwa. Siku hizi saa hupunguzwa kasi makusudi kabla ya kurushwa.

Setilaiti zilizo chini ya kilomita 3,200 hivi ziko katika hali ya kinyume, kwa kuwa mwendo wao mkali hushinda faida ya kimo. Mojawapo ya hizo iliondoka Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, maadhimisho ya miaka saba ya uhuru wa nchi, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, lililosimamishwa baharini upande wa kaskazini wa Malindi, ikapewa jina la Uhuru. Jukwaa hilo liliwekwa karibu na ikweta ili roketi ifaidike na zile mita 465 kwa sekunde ambazo dunia huzitoa bure, mwendo uleule uliomsumbua Einstein mwaka 1905. Ikizunguka kilomita 500 na zaidi juu, saa ndani ya Uhuru ilikuwa ikibaki nyuma ya saa za Malindi kwa mikrosekunde zaidi ya 20 kila siku. Lakini umuhimu wake ulikuwa katika ilichokiona: kutokana na mapigo yake ya eksirei yaliyobadilika upesi mno, chanzo kiitwacho Cygnus X-1 kilitambuliwa kuwa kitu kidogo kwa umbo, na baadaye kikakubaliwa kuwa shimo jeusi, mahali ambapo uvutano umezidi hata nuru haitoki. Uzani wake unakadiriwa kuwa wa majua 21. Karibu na shimo kama hilo, ikichukuliwa kwamba halizunguki, saa inayoshikiliwa mahali palipo mbali na kitovu kwa theluthi moja zaidi ya mpaka wake huenda nusu ya kasi ya saa za mbali. Huko watu wa rika moja wangeweza kutofautiana kwa miaka badala ya nanosekunde.

Hata hivyo si lazima kwenda mbali hivyo ili kuona maana ya haya yote. Katika nadharia ya uhusianifu wa jumla kitu kisichoshikiliwa wala kusukumwa na chochote hufuata njia ambayo saa yake itahesabu muda mwingi kuliko katika njia jirani. Mtoto wa Bahati anayerusha jiwe juu na kulidaka hajui kwamba jiwe hilo lina hesabu ya kufanya: likipanda hujipatia muda kwa kimo, lakini likipanda kwa pupa hupoteza muda kwa mwendo, na mapatano baina ya pato na hasara hizo ndiyo ule upinde ambao kila jiwe huuchora hewani. Ndiyo sababu mita 25 za matatu na mita 25 za jiwe ni kitu kimoja. Uvutano wa kila siku, ule unaoangusha sufuria kutoka rafuni na kuyashusha maji ya Mto Njoro kutoka msitu wa Mau hadi Ziwa Nakuru, karibu wote ni tofauti hii ndogo ya mwendo wa saa baina ya juu na chini. Kinachoachiliwa huelekea upande ambako muda hupita polepole. Nanosekunde zile 19 zilizoonekana hazina kazi ndizo zinazomfanya mtu asipae.

Saa za kisasa za nuru, zinazotumia atomi za strontiamu, zinaweza kutambua tofauti ya kimo ya sentimita moja, na mwaka 2022 kikundi cha Jun Ye huko Boulder kilionyesha tofauti ya mwendo wa saa ndani ya kusanyiko la atomi lenye kimo cha milimita moja. Vipimo vya namna hiyo vinaifanya saa kuwa chombo cha kupimia ardhi, na Bonde la Ufa ni ardhi isiyotulia. Rada za setilaiti zilionyesha kwamba kati ya mwaka 2004 na 2006 Mlima Longonot uliinuka kwa sentimita 9 hivi, kisha ukatulia, bila mkazi wa Naivasha kuhisi lolote. Saa ya strontiamu ambayo ingekuwa juu yake ingeongezeka mwendo kwa sehemu moja ya trilioni laki moja, sawa na theluthi ya nanosekunde kwa mwaka.